Baada ya Chanjo ya Miezi 9: Kwa Nini Mtoto Apimwe Urefu Hadi Atimize Miaka 5

Chanjo ya kwanza ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Kwa familia nyingi, siku hiyo ndiyo ya mwisho kijitabu cha kliniki kufunguliwa kwa ajili ya mtoto mzima wa afya. Mama amerudi kazini, mtoto anatambaa, sindano zinaonekana zimekwisha. Kijitabu huwekwa ndani ya sanduku pamoja na cheti cha kuzaliwa, na hutolewa tena mtoto akiugua au akitafutiwa nafasi ya chekechea.

Kumbe miezi inayofuata hapo, hadi mtoto atimize miaka 2, ndiyo miezi ambayo watoto wengi hupoteza urefu wao. Urefu huo hupotea kimyakimya. Mtoto anacheza, mashavu yamejaa, mizani haisemi lolote la kutisha. Somo hili linaeleza jinsi mwili wa mtoto unavyokua, namna ya kuusoma ukuaji huo, na hatua ambazo mzazi au mlezi wa Kalimoni, Juja, Thika au Ruiru anaweza kuchukua mapema.

MWILI UNAKUA KWA KASI GANI?

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na uzito wa takriban kilo 3.3 akiwa mvulana na kilo 3.2 akiwa msichana, na urefu wa karibu sentimita 50. Siku chache za kwanza anaweza kupungua uzito kidogo, kisha akaurudisha kabla ya kutimiza wiki 2. Hilo ni jambo la kawaida.

Baada ya hapo mwendo ni wa kasi sana. Kufikia miezi 5 au 6, uzito wa kuzaliwa huwa umeongezeka mara mbili. Kufikia mwaka mmoja, umekaribia mara tatu. Urefu nao huongezeka kwa takriban sentimita 25 katika mwaka wa kwanza na sentimita 12 katika mwaka wa pili. Katika mwaka wa tatu kasi hupungua hadi takriban sentimita 9, na huendelea kupungua kidogo kidogo. Hakuna wakati mwingine maishani, hata wakati wa kubalehe, ambapo mtu hurefuka kwa kasi ya mwaka ule wa kwanza.

Kichwa pia hukua. Mzingo wake huwa sentimita 34 hivi wakati wa kuzaliwa, na huongezeka kwa sentimita 11 hadi 12 katika mwaka wa kwanza, kwa sababu ubongo ulio ndani unakua. Katika mwaka wa pili huongezeka kwa sentimita 2 tu. Utosi wa mbele, ile sehemu laini inayopigapiga juu ya kichwa, kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18.

Meno ya kwanza mara nyingi huchomoza karibu na miezi 6, ingawa wapo watoto wanaochelewa na hawana shida yoyote. Kufikia miaka 3, watoto wengi huwa na meno yote 20 ya utotoni.

Kutembea nako hakuna tarehe moja. Watoto wenye afya huanza kukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18. Mtoto wa jirani akitembea akiwa na miezi 10 na wako akingoja hadi 15, wote wawili wako sawa. Ambaye hatembei baada ya miezi 18 apelekwe kliniki akaangaliwe.

MAMBO MATATU YANAYOWATIA WAZAZI WASIWASI BURE

La kwanza ni hamu ya chakula. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huonekana kula kidogo kuliko mzazi anavyotarajia, kwa kuwa kasi ya kukua imepungua. Akiwa anacheza na mstari wake kwenye chati unapanda, hana tatizo.

La pili ni wembamba. Kati ya mwaka 1 na miaka 5, mafuta ya utotoni hupungua, miguu hurefuka, na mtoto aliyekuwa wa mviringo huanza kuonekana mwembamba. Hiyo ni njia ya kawaida ya mwili kubadilika umbo.

La tatu ni miguu. Watoto wengi huwa na matege kidogo hadi kufikia miaka 2, kisha magoti huelekeana ndani wakiwa na miaka 3 au 4, na baadaye miguu hunyooka yenyewe. Lakini matege yanayozidi baada ya miaka 2, au ya mguu mmoja tu, yanahitaji kuonwa na daktari. Mifupa huhitaji vitamini D, na ngozi huitengeneza kwa jua. Mtoto anayeshinda ndani ya chumba cha kupanga au kituo cha kulelea watoto chenye giza, asubuhi hadi jioni, hukosa jua hilo hata akiishi katika nchi yenye jua mwaka mzima.

UZITO NI WA LEO, UREFU NI WA MIEZI ILIYOPITA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Uzito hubadilika haraka. Mtoto akiharisha siku 3 hupungua, akipona na kula vizuri hurudi. Urefu haupungui, lakini unaweza kusimama au kwenda polepole. Mtoto anapokosa chakula cha kutosha au kuugua mara kwa mara, mwili hutumia kidogo kilichopo kubaki hai, na kazi ya kurefusha mifupa huachwa nyuma. Ndiyo maana urefu ni kama daftari la miezi iliyopita: unaonyesha yale ambayo mizani ya leo imekwisha kuyasahau.

Mtoto aliye mfupi kupita kiasi kwa umri wake husemwa kuwa na udumavu. Mtoto aliye mwembamba kupita kiasi kwa urefu wake husemwa kuwa na ukondefu. Ukondefu huonekana kwa macho na huwashtua watu. Udumavu haumshtui mtu yeyote, kwa sababu mtoto mdumavu mara nyingi ana umbo zuri. Ni mfupi tu, na akisimama peke yake bila wa umri wake kando, hakuna anayegundua.

Kulingana na utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 nchini Kenya ulikuwa asilimia 35 mwaka 2008–09, ukashuka hadi asilimia 26 mwaka 2014, na asilimia 18 mwaka 2022. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, asilimia 18 maana yake ni karibu mtoto mmoja katika kila watoto sita.

MFANO WA KUFUNDISHIA

Chukua mfano wa msichana anayeishi na wazazi wake katika ploti ya kupanga. Akiwa na miezi 9 anapelekwa kuchanjwa. Ana kilo 8.2 na urefu wa sentimita 70, sawa kabisa na wastani. Mama yake amerudi kazini na hupanda matatu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto hushinda kwa mlezi wa jirani pamoja na watoto wengine, akinywa uji mwepesi asubuhi, chai na mkate saa nne, na wali wenye mchuzi mchana. Katika mwaka unaofuata anaharisha mara kadhaa, na kila mara anapona.

Anapotimiza miaka 2, mhudumu wa afya ya jamii anapita nyumbani na kuwashauri wampeleke kliniki. Mizani inaonyesha kilo 10. Mama anafurahi, kwani uzito huo uko ndani ya eneo la kawaida. Kisha mtoto analazwa kwenye ubao wa kupimia. Urefu wake ni sentimita 79.

Wastani wa msichana wa umri huo ni sentimita 86, na mpaka wa chini ni sentimita 80. Katika miezi 15 alipaswa kuongeza sentimita 16 hivi, naye ameongeza 9. Uzito wake ulionekana mzuri kwa sababu ni uzito unaotosha mwili mfupi. Shosho yake alikuwa amesema mara nyingi, "Huyu amemfuata babu yake, wote ni wafupi." Maneno hayo ya upendo ndiyo yaliyofanya nyumba nzima itulie.

JE, SI UFUPI WA UKOO?

Swali hili ni la haki, na lilijibiwa kwa utafiti mkubwa. Kati ya 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Accra nchini Ghana, Pelotas nchini Brazili, New Delhi nchini India, Oslo nchini Norwe, Davis nchini Marekani, na Muscat nchini Oman, mji ambao una familia nyingi zinazozungumza Kiswahili. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri, wanaokula chakula bora, wanaochanjwa, na ambao mama zao hawavuti sigara.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Watoto wa rangi na mabara tofauti walirefuka kwa mwendo unaokaribia kuwa mmoja hadi miaka 5. Kutokana na utafiti huo, chati mpya za ukuaji zilitolewa mwaka 2006, nazo ndizo msingi wa chati zilizo katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto cha Kenya.

Ukoo una nafasi yake. Mtoto wa wazazi wafupi anaweza kukua kwenye mstari wa chini kidogo. Lakini mtoto kama huyo hufuata mstari wake mwezi baada ya mwezi. Mtoto aliyekuwa kwenye wastani akiwa na miezi 9, kisha akavuka mistari kuteremka hadi chini ya mpaka akiwa na miaka 2, hajamfuata babu. Kuna kitu kimemzuia.

NAMNA YA KUPIMA NA KUSOMA CHATI

Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa urefu akiwa amelala juu ya ubao, bila viatu wala kofia, watu wawili wakisaidiana: mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha magoti na kusukuma kipande cha miguuni. Kuanzia miaka 2 hupimwa akiwa amesimama. Kipimo cha kusimama huwa kifupi kwa takriban sentimita 0.7 kuliko cha kulala, kwa hiyo aandike mpimaji ni kipi kilichotumika.

Hivi ndivyo vipimo vya urefu vya kukumbuka. Kwanza ni wastani, kisha mpaka wa chini:

Miezi 6: msichana sentimita 65.7, mpaka 61.2, mvulana 67.6, mpaka 63.3.
Miezi 12: msichana 74.0, mpaka 68.9, mvulana 75.7, mpaka 71.0.
Miezi 18: msichana 80.7, mpaka 74.9, mvulana 82.3, mpaka 76.9.
Miezi 24, akiwa amelala: msichana 86.4, mpaka 80.0, mvulana 87.8, mpaka 81.7.
Miaka 3: msichana 95.1, mpaka 87.4; mvulana 96.1, mpaka 88.7.
Miaka 5: msichana 109.4, mpaka 99.9; mvulana 110.0, mpaka 100.7.

Nukta moja kwenye chati haitoshi. Kinachosomwa ni mwelekeo. Mstari unaopanda sambamba na mistari iliyochapishwa ni habari njema hata ukiwa chini kidogo. Mstari uliolala ni onyo. Mstari unaoteremka unahitaji hatua siku hiyohiyo. Mzazi ana haki ya kuuliza, "Urefu wake umeandikwa wapi?" Ikiwa uzito pekee ndio uliopimwa, aombe kwa heshima na urefu upimwe.

Kwa ukondefu kuna utepe wa kupima mkono wa juu wa kushoto, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, apelekwe kliniki. Chini ya 11.5 ni nyekundu, apelekwe bila kuchelewa. Bonyeza pia nyayo zote mbili kwa kidole gumba. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, hiyo ni hatari ya kwashiakoo na ni dharura, hata kama mtoto anaonekana mnene.

Jina hilo lina somo ndani yake. Lilitoka katika lugha ya Kiga ya Ghana, na daktari Cicely Williams aliliingiza katika vitabu vya tiba miaka ya 1930. Lilitaja ugonjwa unaompata mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa. Kupanga uzazi ni sehemu ya lishe ya mtoto.

CHAKULA KINACHOREFUSHA

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, pamoja na muda wa mapumziko usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi yanaweza kuachwa kwa mlezi.

Kuanzia miezi 6, kunyonyesha kuendelee hadi miaka 2 au zaidi, pamoja na chakula. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba chini kidogo ya kikombe kimoja. Likijazwa uji mwepesi, limejazwa maji. Uji uwe mzito kiasi cha kutomwagika haraka kutoka kwenye kijiko, na chakula kipondwe badala ya kuongezwa maji. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 23 ale mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati mara 1 au 2.

Vyakula vyenyewe viko sokoni. Mukimo wenye mboga, viazi na ndengu zilizopondwa, maharagwe, omena zilizosagwa, yai, maziwa, parachichi, ndizi, mchicha, kunde na managu. Githeri nayo inafaa ikipondwa vizuri. Yai moja au kijiko cha omena ndani ya viazi hufanya kazi ambayo sahani kubwa ya wali mtupu haiwezi. Chai isipewe mtoto pamoja na chakula, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Sukari na mafuta mengi humnenepesha mtoto bila kumrefusha. Mtoto mfupi asijazwe vitu vitamu ili mizani ipande.

CHAKULA PEKE YAKE HAKITOSHI

Kila mtoto anapoharisha, ukuaji husimama. Maji ya kunywa, yawe ya kisima, ya bomba au ya kununua kwa mitungi, yachemshwe au yatiwe dawa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya choo. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni. Akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari ya paketi pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hata kama ameacha kuharisha, na aongezewe mlo mmoja zaidi kwa siku anapopata nafuu.

Chanjo ya pili ya surua na rubela ni ya miezi 18. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 kuanzia miezi 6 hadi 59, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Wiki za Malezi Bora, mwezi Mei na Novemba kila mwaka, ni nafasi nzuri ya kupata huduma hizo. Kila ziara ya namna hiyo iwe pia siku ya ubao wa urefu.

NI HAKI, NA NI KAZI YA KAUNTI

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, makao na huduma za afya. Jedwali la Nne limeziachia kaunti vituo vya afya, chekechea na vituo vya kutunzia watoto. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba ya vifaa vya kazi ili huduma ifike mlangoni. Mhudumu anapobisha katika ploti, afunguliwe, na aonyeshwe kijitabu.

Walezi wa vituo vya mchana nao ni washirika. Mzazi anaweza kuwaachia chakula kizito kilichopikwa usiku na kuhifadhiwa vizuri, na kuwaomba watoto watolewe juani asubuhi.

Yule msichana wa mfano wetu hajachelewa kabisa. Kurudisha urefu wote baada ya miaka 2 ni vigumu, lakini chakula bora, maji safi na kufuatiliwa humsaidia akue vyema kuanzia hapo, na akiwa na mdogo wake, nyumba itajua mapema. Mama yake hana hatia. Alifanya alichoweza kwa mshahara wake na muda wake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, akiwa na miezi 12, kwamba mstari umeanza kulala.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtoto ana uzito mzuri. Je, hiyo yatosha kusema anakua vizuri? Hapana. Apimwe na urefu.
2. Mvulana wa miezi 12 ana sentimita 70. Yuko wapi? Chini ya mpaka wa 71.0, apelekwe kliniki kuangaliwa.
3. Mtoto wa miaka 2 ana mkono wa sentimita 12. Je, ni salama? Ni manjano, apelekwe kliniki.
4. Ziara ya kliniki inaisha lini? Mtoto apimwe kila mwezi hadi miaka 2, kisha angalau kila miezi 3 hadi atimize miaka 5.

Mzazi ambaye kijitabu chake kimelala sandukuni tangu chanjo ya miezi 9 anaweza kukitoa leo, na kumpeleka mtoto katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu wiki hii, hata kama haumwi.